Ukuta bila lipu: Tadao Ando na gharama ya uchache

Mafundi wetu wana msemo: zege halilali. Likishakorogwa limwagwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku kwa taa, maana likilala limeharibika. Msemo huo ulitoka saiti ukaingia mtaani, na siku hizi hata posa na biashara hazilali. Hapa nataka kuurudisha kwenye zege lenyewe, kwa sababu mtu ninayemwandika ameishi na zege zaidi ya miaka 50 na kulifunika hataki. Anaitwa Tadao Ando, msanifu majengo wa Osaka, Japani.

Huenda picha za kazi zake umeshaziona hata kama jina ni geni kwako. Ukuta wa kijivu, mtupu, laini hadi unatamani kuupapasa, una vitundu vya duara vilivyojipanga kwa safu, na mwale wa jua unaupita mshazari. Hakuna rangi wala lipu wala nakshi. Mtindo wa namna hii huitwa minimalizimu, na kwa Kiswahili naona "usanifu wa uchache" unatosha kabisa.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Wengi wakiona jengo kama hilo hudhani mwenyewe aliishiwa hela kabla ya kupiga lipu. Wengine hulimaliza kwa neno moja, Zen, yaani ile njia ya Kibudha ya kutafakari kimya, kana kwamba Mjapani yeyote anayejenga ukuta mtupu alikuwa anatafakari hekaluni. Mimi naona wote wamepita pembeni. Uchache wa Ando ni kazi nyingi zaidi kuliko urembo, na kila anachokiondoa kuna mtu anakilipia: fundi kwa jasho lake, au mkaaji kwa starehe yake. Ukitaka kuuelewa usanifu huu, fuatilia nani kalipa nini na kapewa nini badala yake.

Ando alizaliwa Osaka tarehe 13 Septemba 1941, akiwa pacha. Familia ilikuwa imekubaliana kwamba mmoja wa watoto akalelewe na bibi mzaa mama ili jina la Ando lisipotee. Ndugu yake, Takao Kitayama, akabaki kwa wazazi. Bibi alikaa kwenye nagaya, yaani nyumba za mbao za safu zilizobanana ukuta kwa ukuta, mbele nyembamba na ndani ndefu kama korido. Mwanga haufiki katikati. Kiangazi ni joto, baridi ikija upepo unapenya kila ufa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na karakana ya seremala, na mtoto akawa anashinda huko, akijifunza mbao inavyokubali na inavyokataa.

Alipokuwa na miaka 14 hivi, nyumba ya bibi ikafanyiwa ukarabati ili iongezwe ghorofa. Paa likafunguliwa, na ndani ya chumba alichokizoea kikiwa na giza maisha yake yote mwanga ukamwagika kutoka juu. Ando amesimulia tukio hilo mara nyingi, pamoja na habari ya fundi kijana aliyekuwa akifanya kazi bila hata kukumbuka chakula cha mchana. Ukilishika tukio hilo dogo, nusu ya kazi zake za baadaye unaanza kuzisoma bila mkalimani.

Chuo kikuu hakwenda. Hela hazikuwepo, na alama za shule hazikumbeba. Akiwa na miaka 17, bado mwanafunzi, alipata leseni ya bondia wa kulipwa, akasafiri peke yake hadi Bangkok kupigana. Ndondi aliziacha baada ya Fighting Harada, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, kufika kufanya mazoezi kwenye ukumbi wao. Kijana akamtazama, akapima kasi na nguvu za yule mwenzake, akajua mwenyewe kwamba kiwango kile hatakifikia. Hapo ndipo alipoielekeza nguvu yake kwenye majengo. Akanunua vitabu ambavyo wanafunzi wa usanifu husoma kwa miaka minne, akajifungia navyo mwaka mzima. Akachukua na masomo ya kuchora ya usiku na ya kwa njia ya posta.

Kwenye duka la vitabu vilivyotumika alikuta kitabu cha michoro ya Le Corbusier, msanifu mkubwa aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Ufaransa. Hela hakuwa nayo. Akakificha chini ya rundo la vitabu vingine asije mtu akakiwahi, akawa anarudi kukiangalia kama bado kipo, hadi alipopata hela ya kukinunua. Michoro ya kitabu hicho aliifuatisha kwa penseli mara nyingi mno mpaka kurasa zikawa nyeusi. Miaka mingi baadaye mbwa wake alimwita Le Corbusier, na kwa mtu aliyejifundisha mwenyewe naona hayo yalikuwa mapenzi ya dhati.

Mwaka 1964 serikali ya Japani ilifungua milango kwa raia wa kawaida kusafiri nje. Mwaka uliofuata Ando akaondoka: meli hadi pwani ya Urusi, treni ya Siberia hadi Moscow, kisha Finland, Ufaransa, Italia, Ugiriki. Alitaka sana kumwona Le Corbusier kwa macho yake. Mzee alifariki tarehe 27 Agosti 1965, na Ando akafika Paris wiki chache baadaye. Alichokikuta ni majengo, akatembea kuyaona moja baada ya jingine. Roma aliingia Pantheon, hekalu la kale ambalo kuba lake lina tundu moja tu juu kabisa, upana karibu mita 9, na mwanga wote wa ukumbi unaingia hapo. Mvua nayo inaingia hapo hapo. Kurudi nyumbani alipanda meli Marseille, nayo ikaizunguka Afrika kupitia Cape Town na Madagaska, kisha ikaivuka Bahari ya Hindi kwenda India. Kwa hiyo bahari yetu hii aliwahi kuipita, kijana wa miaka 24 asiye na kazi wala cheti.

Mwaka 1969 alifungua ofisi yake Osaka. Wateja hawakupanga foleni. Zilikuja kazi ndogo ndogo, na moja ya hizo ndiyo iliyomtoa.

Nyumba ya Sumiyoshi ilikamilika mwaka 1976 katika mtaa wa Osaka wenye nagaya kama ile ya bibi yake. Zilikuwepo nyumba tatu za mbao zilizoungana. Ando akaiondoa ya katikati, akapachika boksi la zege mahali pake. Kiwanja chote ni mita za mraba 57 tu. Upana hauzidi mita 4, urefu ni kama mita 14. Mbele hakuna dirisha hata moja, ni ukuta mtupu wenye uwazi wa mlango. Boksi lenyewe aligawa mafungu matatu yanayolingana, na fungu la katikati akaliacha bila paa.

Hilo la katikati ndilo la kutazama kwa makini. Chini, sebule iko mbele, jiko na bafu viko nyuma. Juu kuna vyumba viwili vya kulala, kimoja kila upande. Katikati ni ua ulio wazi, wenye ngazi na kidaraja kinachounganisha vyumba vya juu. Korido ya ndani haipo kabisa. Ukilala juu ukabanwa na haja usiku wa manane, unafungua mlango, unashuka ngazi za nje na kuvuka ua. Kama mvua inanyesha, unachukua mwavuli. Osaka ina baridi ya kweli mwezi wa Januari.

Msomaji aliyekulia nyumba ya uani, ambako choo kiko nyuma na mtoto anasindikizwa usiku na kandili, hawezi kuona ajabu sana. Sisi tunajua maana ya nyumba yenye anga katikati yake. Kuna tofauti moja hata hivyo. Uani kwetu ni mahali pa kazi: pa kupikia, kufulia na kuanikia. Sumiyoshi ua umekula theluthi ya kiwanja ambacho tayari ni kidogo kuliko kawaida, na kazi yake kubwa ni kuleta hewa, mwanga na hali ya siku. Nyumba imebanwa na majirani pande zote mbili, haina pa kutolea dirisha, kwa hiyo anga ni moja tu, ile ya juu. Ando angeweza kulifunika fungu lile kwa kioo, na watu walimshauri hivyo. Alikataa. Kioo kingeleta mwanga, lakini upepo na mvua vingebaki nje, na alichokitaka yeye ni mtu ajue kwa mwili wake kwamba leo ni masika.

Walipomuuliza baridi je, jibu lake lilikuwa la bibi wa zamani: vaa shati la pili, na baridi ikizidi, vumilia. Wapo wanaolisikia jibu hilo kama kiburi, na siwalaumu. Msanifu mkongwe Togo Murano alipoitembelea nyumba hiyo wakati wa kuamua tuzo, alisema anayestahili kutuzwa ni mkaaji. Hata hivyo mwaka 1979 Chama cha Wasanifu Majengo cha Japani kilimpa Ando tuzo yake kwa nyumba hii, na wenye nyumba hawakuikimbia. Wameishi humo miongo kwa miongo. Hapa gharama ya uchache iko wazi kabisa. Ando aliondoa korido na paa, mkaaji akalipa kwa kulowa, akapata anga ya kwake peke yake katikati ya jiji lililosongamana.

Sasa twende kwa fundi, kwa sababu yeye hutajwa mara chache.

Kwenye ujenzi wa kawaida zege ni mfupa, na mfupa hufunikwa. Mbao zinafunguliwa, nguzo inatoka na mashimo na mikunjo, mahali fulani kokoto zimebaki uchi bila saruji. Fundi anachukua mwiko, anaziba, kisha linakuja lipu, skimu, rangi. Kila hatua inaficha makosa ya hatua iliyotangulia. Ukiiondoa lipu, umeondoa msamaha. Kile kitakachoonekana siku mbao zinafunguliwa ndicho kitakachoonekana miaka 50 baadaye.

Kwa hiyo kazi yote inahamia kabla ya zege, kwenye mbao za kulimwagia. Ando hutumia vipande vya plaiwudi iliyopakwa uso laini, sentimeta 90 kwa 180, kipimo kinachokaribiana na mkeka wa tatami ambao kwa karne nyingi ndio uliopima vyumba vya Wajapani. Kila kipande kinaacha mstari mwembamba ukutani kinapokutana na mwenzake. Basi ukuta unapochorwa, vipande hivyo vinahesabiwa kwanza, na mlango, dirisha, hata swichi ya taa inatafutiwa mahali inapolingana na mistari. Vile vitundu vya duara ni alama ya vyuma vinavyoshika mbao za pande mbili zisiachane zege linaposukuma. Wajenzi wengine huviziba. Ando aliviacha, akavipanga sita kwa kila kipande, na vikawa kama sahihi yake ulimwenguni kote.

Mbao zenyewe hufungwa na maseremala, na Japani ina maseremala ambao ufundi wao wa kuunganisha mti kwa mti bila pengo ni urithi wa karne nyingi za mahekalu na nyumba za mbao. Pengo la unene wa kucha kati ya vipande viwili litavujisha maji ya saruji, na hapo ukuta utaota kovu. Nondo nazo zikae mbali na uso kwa kipimo kile kile kila mahali, la sivyo kutu itakuja kutokeza. Zege linakorogwa lisiwe la majimaji. Siku ya kumwaga watu wanajipanga: wa vaibreta (mashine ya kulitikisa zege), wa kusindilia kwa mianzi mirefu mpaka pembeni, na wa kugongagonga mbao kwa nje kwa nyundo ili mapovu ya hewa yapande juu. Anayegonga anasikiliza. Mahali penye uvungu sauti ni tofauti na mahali palipojaa, na sikio la fundi ndilo linaloamua kama atasogea au atabaki pale pale aendelee kugonga. Hakuna anayeweza kuona ndani. Ukuta ukianza kumwagwa haukatishwi katikati, kwa sababu zege la leo na la kesho hayashikani bila kuacha mstari.

Kisha mbao zinafunguliwa na kuondoka zake. Alichokifanya seremala kinatupwa, kinabaki chapa yake tu kwenye zege. Ndiyo maana nikiona mtu anausifu ukuta wa Ando kwa ulaini wa zege, moyoni natamani atajwe na yule aliyepiga randa. Mwenyewe Ando amekiri mara nyingi kwamba kuta hizo zinategemea mafundi wa Japani, na alipojenga ng'ambo ilibidi mafundi wa huko wafundishwe upya kwa kuta za majaribio.

Ukuta ukishakuwa mtupu namna hiyo, kitu kinachobaki cha kuangalia ni mwanga. Kwenye nyumba ya Koshino huko Ashiya, iliyomalizika mwaka 1981, aliacha mwanya mwembamba kwenye dari unaofuata ukuta. Jua linapotembea, mwanga unateleza ukutani taratibu kama maji kwenye kioo, na kwa kuwa hakuna picha wala pazia, jicho linalifuata jua bila kulazimishwa. Lipu yenye rangi ingekurudishia mwanga bapa. Zege lina vivuli vidogo vidogo ndani ya kijivu chake, na mwanga unapopita unaviamsha vyote.

Jengo lililompa jina kuliko yote ni Kanisa la Nuru, mjini Ibaraki, mkoa wa Osaka, lililokamilika mwaka 1989. Ni kanisa la Kiprotestanti la mtaani, lenye waumini wachache na hela chache zaidi. Ukubwa wake ni mita za mraba 113 hivi, pungufu ya nyumba nyingi za familia. Umbo ni boksi la zege, na ukuta mmoja umelichoma boksi hilo kwa pembe ya nyuzi 15. Ili uingie lazima uupite ukuta huo, ugeuke, na kugeuka huko kunakutoa barabarani kuliko mlango wowote. Ndani ni giza. Sakafu inashuka kuelekea mbele, kwa hiyo mhubiri anasimama chini ya waumini wake. Sakafu na mabenchi vimetengenezwa kwa mbao za jukwaa, zile mafundi wanazokanyaga wakijenga, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi kupatikana kwa bei ile.

Nyuma ya mimbari ukuta umekatwa. Mkato mmoja wa wima toka juu hadi chini, mmoja wa mlalo toka upande hadi upande. Msalaba haukutundikwa, haukuchongwa wala kupakwa dhahabu. Umeachwa wazi, na mwanga wa asubuhi unaingia kwa umbo hilo na kulala sakafuni. Ukiangalia vizuri, uzito wote wa ukuta umegawanywa vipande vinne ambavyo havigusani katikati. Zege zito kuliko yote limetumika kushikilia mahali ambapo hakuna zege.

Hela zilikaribia kuisha kabla ya paa. Ando alikuwa tayari kuliacha kanisa wazi kwa muda, waumini wakae na miavuli hadi watakapochangishana tena. Mkandarasi hakukubali. Akalimalizia paa ingawa bajeti haikumlipa, kwa sababu aliona aibu kuiacha kazi ile nusu. Habari hiyo naipenda kuliko maelezo mengi ya kifalsafa yaliyoandikwa kuhusu kanisa hili. Watu husafiri kutoka kila bara kwenda kukaa kimya mbele ya msalaba wa Ando, na kilichowakinga na mvua ni sadaka ya mjenzi.

Kwa hekalu la Wabudha la Honpukuji, kisiwani Awaji, mwaka 1991 alifanya jambo ambalo waumini walilipinga mwanzoni. Hekalu la Kijapani hujulikana kwa paa lake kubwa. Yeye paa aliligeuza bwawa la mayungiyungi lenye umbo la yai, akaipitisha ngazi katikati ya maji, ukishuka unaingia ukumbi mwekundu ulio chini ya bwawa. Jua la jioni linaingia kutokea nyuma ya sanamu ya Buddha na wekundu wote unawaka.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilipiga eneo la Kobe na kuua watu zaidi ya 6,000. Kitovu chake kilikuwa karibu na Awaji hiyo hiyo. Nyumba za Rokko, ambazo Ando alizipandisha kwenye mteremko wa nyuzi 60 pembeni ya Kobe, zilibaki zimesimama. Mwaka huo huo alitangazwa mshindi wa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani, yeye asiyekuwa na shahada. Dola 100,000 za tuzo hiyo alizitoa zote kwa watoto walioachwa yatima na tetemeko.

Kutoka hapo kazi zilikuwa kubwa na za mbali. Kisiwa cha Naoshima kinastahili maelezo kidogo, kwa sababu huko uchache ulifika mahali pa kutoonekana kabisa. Ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Ndani ya Seto ambacho kwa miongo kiliishi kwa kiwanda cha kuyeyusha madini, na moshi wake ukavua vilima majani. Mfanyabiashara Soichiro Fukutake alimwita Ando, na kuanzia mwaka 1992 makumbusho ya sanaa yakaanza kufunguliwa moja baada ya jingine. La Chichu, la mwaka 2004, limezikwa ndani ya kilima. Ukiwa baharini huoni jengo. Ukiwa angani unaona maumbo ya miraba na pembetatu yaliyotobolewa ardhini. Chumba cha michoro ya mayungiyungi ya Monet, mchoraji wa Ufaransa, hakina taa. Kinategemea jua tu, na siku ya mawingu michoro inabadilika rangi mbele yako. Unavua viatu, unakanyaga sakafu ya vipande vidogo vya marumaru, watu wanashusha sauti wenyewe bila kuambiwa.

Nikisema kweli, si kila kazi yake inanigusa hivyo. Zege lile lile lililokuwa la lazima kwenye kiwanja cha mita za mraba 57 linapoingia nyumba za matajiri na makumbusho ya mabilioni, mara nyingine linakuwa nembo tu. Lipo suala la joto na baridi, kwani ukuta mzima wa zege bila kitu cha kuzuia baridi unahitaji nishati nyingi au uvumilivu mwingi. Lipo pia la hewa chafu: kutengeneza saruji peke yake kunatoa takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na hakuna ukuta mzuri kiasi cha kuifuta hesabu hiyo. Anayetaka kumwiga leo ni vizuri aanze na swali la kwa nini Ando alitumia zege, kabla ya kulimwaga.

Lakini hata kwenye kazi kubwa kuna anapobaki yule yule. Paris alikabidhiwa soko la zamani la nafaka, jengo la duara lenye kuba na michoro ya karne ya 19, lililofunguliwa upya mwaka 2021. Aliingiza ndani yake pete ya zege yenye kimo cha mita 9, isiyogusa ukuta wa zamani, ukawa unatembea kati ya karne mbili.

Mwili wake umelipa pia. Saratani ilimfanya apasuliwe mwaka 2009 na tena mwaka 2014, na akabaki bila viungo vitano, kongosho ikiwamo. Hakustaafu. Mwaka 2020 ilifunguliwa Nakanoshima, katikati ya Osaka, maktaba ya watoto aliyoisanifu akaigharimia na kuukabidhi mji. Vitabu vimepanda kuta zote mpaka juu, na watoto wanasoma wakiwa wamekaa popote kwenye ngazi. Kwa mtu aliyewahi kukificha kitabu chini ya rundo, hiyo si zawadi ya kubahatisha.

Na lile Kanisa la Nuru bado lina ugomvi mmoja. Ando alitaka mkato wa msalaba ubaki wazi kabisa, bila kioo, ili upepo uingie pamoja na mwanga kama kule Sumiyoshi. Waumini walikataa, kwa sababu baridi ya Ibaraki ingewakuta wakiomba, na wao ndio wanaokaa humo kila Jumapili. Kioo kikawekwa. Kwa miaka yote Ando amekuwa akisema iko siku atakiondoa. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya kazi zake Tokyo, alipata ruhusa ya kulijenga kanisa hilo upya nje ya ukumbi, kwa zege na kwa ukubwa wake halisi, na safari hii msalaba ukaachwa bila kioo. Wageni waliingia, wakasimama mbele yake, upepo ukawapiga usoni. Maonyesho yalipokwisha waumini wa Ibaraki waliendelea kusali kwenye kanisa lao, kioo kikiwa mahali pake.